Pazia Kati ya Mama na Mume Wangu

Kama wewe ndiye umetoka kwa daktari wiki hii na bado hujamwambia mtu, soma polepole. Siandiki kukufundisha udaktari. Udaktari waulize wenyewe, na ukiwauliza mara ya pili usione haya, kwa sababu mara ya kwanza hakuna anayesikia. Mimi nataka kukusimulia habari ya watu wawili walionivusha, mama yangu na mume wangu, ambao karibu muda wote wa ugonjwa wangu hawakukaa uso kwa uso hata dakika moja.

Naitwa Ndinda. Nashona mapazia karibu na Adams Arcade, na tunakaa Woodley, katika nyumba zile za zamani ambazo mwezi wa saba zinakuwa baridi kuliko nje. Mume wangu Wekesa ni fundi wa mbao. Kibanda chake kiko kando ya Ngong Road, na vitanda anavyotengeneza huvipanga pale nje wapita njia wavione. Ni mtu wa maneno machache. Binti yetu Nafula yuko shule ya bweni.

Uvimbe niliugundua mvua ndefu zilipoanza. Nilikuwa nimeinama juu ya cherehani nikivuta kitambaa kizito cha pazia la hoteli, titi la kushoto likagonga ukingo wa meza, nikahisi kitu kigumu kama kokwa ya zambarau. Nikaendelea kushona. Ndivyo tulivyo wanawake wa kazi, tunamaliza kwanza pazia la mtu.

Hospitalini walitoa kinyama kidogo kwa sindano wakakipeleka maabara. Nilianza kujifunza benchi. Kliniki ile foleni yake ni ya kusogea: mmoja akiitwa, wote mnasogea makalio hatua moja, kwa hiyo kila mahali unapokaa pameshapashwa joto na mwenzako. Mwanzoni lilinikera joto hilo. Baadaye nililizoea, na siku nilizokuwa natetemeka kwa hofu lilinifaa sana.

Daktari alikuwa mwanamke mdogo mwenye nywele za kusuka, na alikuwa na tabia moja niliyompendea: alivuta kiti akakaa upande wetu wa meza. Alisema ni kansa. Alilisema neno lenyewe, hakulizunguka.

"Hizi seli zako ziko na protini moja nyingi sana, imepita kawaida," akasema. "Hiyo ndiyo inaziambia zikue haraka, zitoke hapo zilipo, zitembee ziende kwingine. Ndio maana hatutaki kungojangoja."

"Ziende wapi?" nikauliza.

"Mapafu, ini, mifupa. Popote zitapata njia." Kisha akaweka mkono juu ya goti langu. "Lakini skiza, Mama Nafula. Hiyo protini iko na dawa yake, inaishika yenyewe. Kuna wagonjwa uvimbe wao hauna mahali pa kushika. Wako uko na mahali pa kushika."

Mimi sikubaki na lolote isipokuwa lile neno "zitembee". Wekesa alibaki na lile la mwisho. Tulipofika nje akasema, "Kitu kikiwa na mahali pa kushika, kinatoka." Kwa mwaka mzima na zaidi, nilipokata tamaa, alinirudishia sentensi hiyohiyo.

Picha zilionyesha mapafu na ini ni safi. Kwapa halikueleweka. Tungelijua siku ya upasuaji, na mpaka siku hiyo swali lilikuwa moja tu kichwani mwangu, asubuhi na jioni: zimetembea, au hazijatembea?

Sasa nikueleze jambo la nyumbani. Kwetu Ukambani, mama mkwe na mume wa binti yake hawachanganyiki. Hawapeani mkono, hawali meza moja, wakikutana njiani mmoja anampisha mwenzake. Si chuki. Ni heshima, na sisi huiita nthoni. Kwa kina Wekesa kule Bungoma mambo ni hayohayo, tena makali zaidi. Siku ya mahari wazee walibishana mpaka jioni kuhusu kila kitu, lakini hili hakuna aliyelitaja, kwa sababu pande zote mbili zilishalijua. Ipo njia ya kuifungua heshima hiyo, kwa zawadi na sherehe kidogo, na sisi kila Desemba tulisema tutafanya mwaka ujao. Kwa hiyo Mama hakuwahi kulala kwetu. Hata majina hawakutajana. Yeye alimwita Wekesa "mwenye nyumba", na Wekesa alimwita yeye "mgeni wako".

Kemo ilipoanza, zile dawa kali za dripu kabla ya upasuaji, Wekesa alisema atanitunza mwenyewe. Alijitahidi, Mungu anajua. Uji wake uliungua chini na kubaki mbichi juu, jambo ambalo mpaka leo sijui linawezekana vipi. Kucha zangu zilikuwa nyeusi, mdomo ukawa na ladha ya msumari, nywele zikabaki kwenye mto. Aliponinyoa zilizosalia alipitisha kiganja kichwani, mbele, nyuma, kama anavyokagua meza kabla ya kuipaka vanishi.

"Hapa hata msasa hauhitajiki," akasema. Nilicheka mpaka nikatapika.

Baada ya mzunguko wa pili nilianguka bafuni yeye akiwa kazini. Jirani alimpigia dada yangu Kavata anayekaa Kinoo, na Kavata akampigia Mama kule Mwala. Kesho yake Mama alikuwa ameshafika Kinoo na mfuko wa ndengu na mwingine wa muthokoi, mahindi yetu yale yaliyokobolewa.

"Nakuja kukuogesha," akaniambia kwa simu. "Mwambie mwenye nyumba asinione vibaya. Nitaingia akitoka, nitatoka kabla hajaingia."

Kavata alikasirika. "Mama, watu wako Nairobi, tena wameokoka, bado mnafichana kama paka na panya? Hiyo mambo ilikwisha!"

"Wokovu haujanikataza adabu," Mama akamjibu, na mjadala ukaisha.

Mpango ulikuwa hivi. Dirisha letu la jikoni lina pazia la manjano. Wekesa akitoka asubuhi alilifunga. Mama, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda cha mama mboga kando ya geti, akiona pazia limefungwa alijua njia ni nyeupe. Jioni alitoka mapema, akalifungua, na Wekesa akiona manjano yamesogezwa pembeni alijua anaweza kuingia kwake.

Ungewaona hao watu! Mwezi wa saba, ukungu umeshika, Wekesa alianza kuondoka mapema zaidi ili mgeni wangu asikae kwenye baridi. Mama naye, akidhani anamkimbiza mtu kwenye chai yake, akaanza kuchelewa zaidi ili mwenye nyumba anywe ametulia. Huyu anawahi, huyu anachelewa, na katikati nabaki mimi peke yangu na ndoo yangu ya kutapikia. Nilipowaeleza, kila mmoja alisema, "Si kitu, nitamwachia nafasi zaidi." Nilitaka kuwapiga wote wawili.

Lakini mengine waliyofanya yalinishangaza kwa uzuri. Mama ni mfupi, na jikoni kwetu alikuwa anapika amesimama juu ya tofali. Wekesa aliliona tofali limehama. Hakuuliza chochote. Jumamosi akaleta kigoda cha mvule, kipana, kimelainishwa vizuri, akakiweka mbele ya jiko. Jumatatu Mama alipanda juu yake, akanyoosha mkono, ukafika kwenye sufuria bila taabu. Hakuwahi kupimwa. Alikishika kile kigoda, akakigeuza kuangalia miguu yake, akasema, "Huyu mtu ana macho." Jioni hiyo alimwachia sufuria ya muthokoi. Mume wangu, ambaye kwake chakula ni ugali na vingine ni mapambo, aliila yote, akaosha sufuria, akaianika kichwa chini mahali ambapo Mama angeiona.

Mimi nikawa posta. "Mwambie mwenye nyumba bomba linavuja." "Mwambie mgeni wako nimeona." Nilikuwa nikipeleka ujumbe hata dripu ikiwa mkononi. Nakuambia ukweli, nilichoka, lakini pia nilikuwa najiambia: nina watu.

Upasuaji ulifika jakaranda zikiwa zimemwaga maua barabarani. Waliondoa titi lote na tezi za kwapa. Nilipozinduka nilikuwa nimefungwa kifua, na mpira mwembamba unatoa damu ubavuni, na kushoto kwangu pamekuwa tambarare. Nilijiambia sitalia mpaka waje. Saa ya kuona wagonjwa ni moja tu pale, na wageni huingia mmoja mmoja.

Saa ikagonga, milango ikafunguliwa. Kitanda cha kulia kwangu kilipata mashemeji na maua. Cha kushoto kilipata dada watatu waliokuwa wakipishana mlangoni, kila mmoja na thamosi yake. Mimi niliangalia mlango. Nikaangalia tena. Hakuja mtu.

Ndugu msomaji, katika miezi yote hiyo sikuwahi kuogopa kama siku ile. Akili iliniambia jambo moja na sikuweza kuitoa hapo: daktari wa upasuaji ameona kwapani, ameona zimetembea, amewaita pembeni akawaambia, na sasa wako mahali fulani wanatafuta namna ya kunitazama usoni. Dada mmoja wa kitanda cha kushoto aliniona, akaja akanimiminia uji kwenye kifuniko cha thamosi yake na kunishikia ninywe. Sikumjua, wala sikumwona tena. Ule uji ulikuwa na ndimu. Muda ukaisha, wageni wakatolewa, na nikalia na ukuta.

Baadaye kidogo Wekesa akapiga simu.

"Mgeni wako amekwambia nini? Umekula?" akauliza kwa furaha.

"Mgeni gani?"

"Si alikuwa hapo ndani? Nilimwona kwenye ngazi na leso yake ya kichwani. Nikasema wacha aingie yeye, ni mamako. Nikarudi nikakaa kwa geti saa yote."

Nikampigia Mama. Alikuwa ameshafika Kinoo. "Nilimwona mwenye nyumba akipanda," akasema. "Nikajificha nyuma ya ile nguzo mpaka apite, nikashuka polepole, nikaenda zangu. Nikasema, hii ni saa ya mume. Amekuletea matunda?"

Hakuna daktari aliyewaambia kitu. Kila mmoja aliniachia kwa mwenzake, kwa heshima kuu, na mimi nikabaki sina mtu. Nilikasirika hasira ambayo ilinipa nguvu kuliko dripu. Niliwapigia tena, mmoja baada ya mwingine, nikawapa maneno yaleyale: "Kansa ikinishinda sawa, lakini nyinyi mtaniua na adabu yenu!" Wodi nzima ilinyamaza kunisikiliza.

Niliporuhusiwa kutoka nilikuja na amri. Sikuwaambia wavunje mila. Ni yao, na pia ni yangu. Nilimwambia Wekesa afunge reli ya pazia katikati ya sebule, kutoka ukuta hadi ukuta. Nilikuwa na kitambaa cha rangi ya udongo kilichobaki dukani, kizito, chenye bitana. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa hauinuki, kwa hiyo mimi nilikata na Mama akapinda pindo kwa sindano. Ndilo pazia la kwanza nililolitoa baada ya upasuaji, na kona moja imekaa upande. Sijairekebisha.

Jioni ile Mama hakuondoka. Alikaa upande wa dirisha, Wekesa akaingia kwa mlango wa mbele akakaa upande wake, na mimi nikakaa kwenye kochi lililopitiwa na pazia katikati, goti moja huku na jingine kule. Walisalimiana. Mbuzi wa Mwala waliulizwa, mvua ya Bungoma ikaulizwa. Kisha Mama akauliza jambo ambalo mimi sikuwa nimethubutu kumwambia.

"Baba Nafula. Hiyo kitu ya kutembea. Imetembea?"

Wekesa alikuwa na majibu ya maabara tangu asubuhi. Tulikuwa tumeyachukua pamoja.

"Imefika kwapani," akasema. "Tezi mbili. Wametoa. Mbali haijaenda, hawajaona mahali."

"Na ile inayozituma?"

"Hiyo protini bado inaweza kuwa na seli zingine imeziamsha, haziwezi kuonekana. Ndio dawa inaendelea. Kila wiki tatu, mwaka mzima. Inaishika isiseme."

"Basi asikose hata moja," Mama akasema.

"Hatakosa," Wekesa akajibu.

Mimi nilikuwa katikati, nikaona vidole vya Wekesa vimeshika pindo la pazia upande wake, na vya Mama vimelishika upande wake, hawajui. Niliwapenda sana saa ile.

Hakukosa mtu. Jakaranda ziliisha, joto la Januari likaja, mionzi ikanichoma ngozi ya kifua ikawa kama imepitiwa na pasi, mvua ndefu zikarudi. Kila wiki tatu nilikaa kwenye kiti cha dawa, dripu ikidondoka polepole, na mmoja wao akiwa kwenye benchi la nje. Walipangiana zamu kupitia pazia. Walijua mengi hadi nikawa sina cha kupeleka, posta ilifungwa.

Kisha wakasimamisha dawa. Dawa hiyo inaweza kuulegeza moyo, ndiyo maana wanaupiga picha mara kwa mara, na wangu ulikuwa umelegea. Daktari alisema tungoje upate nguvu, na usipopata hataweza kuendelea. Hicho kipindi cha kungoja sikutakii. Kila kikohozi nilikisikia kama hatua ya mtu ndani ya mwili wangu. Nilimwambia Wekesa, "Sasa hakuna anayeishika." Yeye na Mama waligawana siku zangu: asubuhi Mama alinitembeza mpaka getini na kurudi, jioni Wekesa alinitembeza mpaka kwa mama mboga na kurudi, na wakati wa chakula waliulizana kupitia pazia nimetembea vipi. Hawakuniambia nisiogope. Mama alisema wazi, "Hata mimi naogopa," na hilo lilinisaidia kuliko maombi marefu ya watu wa kanisani.

Moyo ulirudi. Dawa ikaendelea, ikachelewa kuisha, lakini iliisha. Wakapiga picha zote upya na kutuita.

Siku ya majibu nilikataa zamu. Nilisema wote mje. Tulisogea kwenye benchi lile, Wekesa kulia kwangu na Mama mwisho kabisa kushoto, watu wengine watatu kati yetu. Nilipoitwa, Wekesa akainuka na Mama akabaki. Daktari, yuleyule mwenye nywele za kusuka, akachungulia.

"Na yule mama wako? Mbona haingii?"

Nikamweleza kwa kifupi. Nilidhani atacheka. Aliangalia chumba chake kidogo, akaangalia kitanda cha kupimia, na pazia la kijani linalokizunguka, lile ambalo pindo lake lilikuwa limefumuka mwaka mzima na kunikera. Akalivuta mpaka mwisho. Akamwambia Wekesa aangalie dirishani, akaenda mwenyewe kumshika Mama mkono, akamwingiza na kumketisha kitandani nyuma ya pazia.

"Sasa familia iko yote," akasema, na kuvuta kiti upande wetu. "Mapafu ni safi. Ini ni safi. Mifupa ni safi. Hatuoni mahali imeenda. Utakuwa unakuja kuangaliwa, hiyo sitakudanganya. Lakini leo, hakuna kitu."

Wekesa aliinamisha kichwa. Nyuma ya pazia tukasikia Mama analia, kilio cha mtu aliyekibana muda mrefu. Mkono wake ukatokea pembeni mwa pazia, umefunguka, unapapasa hewani. Ulikuwa unanitafuta mimi. Lakini mimi nilikuwa upande wa pili wa Wekesa, na mkono ulifika mbele ya kifua chake.

Aliutazama. Akanitazama mimi. Hakuweza kuugusa, na hakuweza kuuacha hapo. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa hanchifu yake, akaikung'uta vumbi la mbao, akaiweka juu ya kile kiganja.

"Shika, Mama," akasema.

Vidole vikafunga. Mkono ukarudi ndani.

Nyumbani Kavata alitaka tupange ile sherehe tuliyoahirisha miaka yote, wazee waitwe, zawadi zitolewe. Mama alikuwa anapiga pasi hanchifu ya mwanamume. Alisema wazee waje wakitaka kula, lakini zawadi yake ameshaipokea.

Jumamosi iliyofuata, asubuhi, pazia la manjano la jikoni likiwa bado wazi, mwenye nyumba yumo ndani, tulisikia hodi ya Mama mlangoni. Wekesa ndiye aliyekwenda kufungua.